Sura ya Tano: Usiiwashe Kwanza

Kompyuta ya baba mdogo ilikuwa imetunzwa kuliko kitu chochote katika nyumba ile ya Tanga. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake mfuko wa nailoni, kisha ikafungiwa katika kabati la mninga ambalo ufunguo wake ulikaa kwenye shada moja na ufunguo wa sanduku la hati za shamba. Mara ya mwisho kuwashwa ilikuwa mwaka 1998. Wajukuu walikatazwa hata kuliegemea kabati. Nilipomwambia kwamba kule kufungiwa ndiko kulikoiponza, alinitazama kama mtu aliyetukanwa kwa adabu.

Nilikuwa nimekwenda kwa mambo mengine kabisa. Baada ya shikamoo, chai, habari za safari na habari za wagonjwa, akanivuta hadi chumba cha nyuma.

“Mwanangu, wewe si ndiye fundi wa vitu hivi? Ichomeke tuone.”

Haja yake haikuwa kompyuta. Haja yake ilikuwa orodha. Mwaka 1996 alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wao wa mwisho, na michango yote, ahadi upande mmoja na malipo upande wa pili, aliiingiza katika programu ya Lotus 1-2-3. Tangu hapo kuna watu katika ukoo wanaoapa kwamba walimaliza ahadi zao, naye kila msiba na kila Idi anawajibu kwamba ushahidi umo kabatini.

“Tusiiwashe kwanza, baba,” nikamwambia. “Tuifungue.”

Mtu akipewa mashine ya zamani, mkono hukimbilia swichi. Naujua mkono huo, ninao. Lakini kwa kompyuta nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, zilizokaa muda mrefu bila kutumika, swichi ni kitu cha mwisho. Bodi iliyolowa uchafu wa betri hupitisha umeme pasipo pake, na volti 12 zikiingia kwenye mguu uliozoea volti 5 zinaiua chipu ambayo kutu ilikuwa bado haijaifikia. Bisibisi kwanza, umeme baadaye.

Kifuniko kilitoka kwa kukwaruza. Ndani hapakuwa na vumbi hata chembe, na baba mdogo akaguna kwa fahari. Kisha nikamulika kona ya nyuma, karibu na tundu la kibodi, akanyamaza.

Palikuwa na kipipa kidogo, kama kiungo cha kidole gumba, kilichovikwa plastiki ya buluu. Plastiki imepasuka. Kwenye ncha zake imeota kuvu nyeupe yenye ukijani, kama ile ya mkate uliosahaulika wakati wa masika, na kutoka hapo kijani kimetambaa juu ya ubao, kikafuata njia za shaba kama maji yafuatavyo mifereji, hadi kwenye chipu nyeusi yenye miguu arobaini. Miguu minne ya kwanza ilikuwa haionekani tena.

“Hiyo ni nini?”

“Betri, baba.”

“Betri ya nini? Mashine hii nilikuwa naichomeka ukutani.”

Swali zuri. IBM PC ya kwanza, iliyotoka Agosti 1981, haikuwa na betri yoyote. Ikizimwa inasahau kila kitu, na ikiwashwa inamuuliza mtu tarehe na saa, kama mgonjwa aliyezinduka. Ukibonyeza Enter bila kujibu, inajifanya ni Jumanne, tarehe 1 Januari 1980, na mafaili yote ya siku hiyo yanapigwa muhuri wa tarehe hiyo. Mwaka 1984 ikaja IBM PC AT, na ndani yake chipu ya Motorola yenye namba MC146818: saa, kalenda na kumbukumbu ndogo katika kipande kimoja. Kumbukumbu yenyewe ni baiti 64. Kumi na nne ni za saa. Hamsini zilizobaki ziliitosha mashine kukumbuka ina diski ya aina gani, kumbukumbu kiasi gani, kioo cha namna gani. Saa ilihesabu mitetemo ya fuwele la kwatzi, mitetemo 32,768 kwa kila sekunde. Namba hiyo inaonekana ya ajabu hadi uigawe kwa mbili, tena kwa mbili, mara kumi na tano: unabaki na moja. Sekunde moja.

Saa ya namna hiyo hailali, kwa hiyo lazima ilishwe usiku kucha. IBM waliiweka betri ya AT mbali na ubao mama, imebandikwa kwenye bati la ndani na kuunganishwa kwa waya. Ikiharibika inachafua bati. Walioiga AT, na waliiga wengi sana, wakaona waya ule na kibandiko kile ni gharama. Wakaichomelea betri moja kwa moja kwenye ubao. Waliibana mahali palipobaki nafasi, na nafasi mara nyingi ilibaki kando ya tundu la kibodi.

Betri yenyewe ilikuwa ya nikeli na kadimiamu, aina iliyobuniwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899. Seli moja hutoa volti 1.2, tatu zikipangwa mkia kwa kichwa ndani ya kipipa kimoja zinatoa 3.6. Mashine ikiwa inafanya kazi inaichaji betri. Ikizimwa betri inailisha saa. Kwa ofisi inayofungua kila siku mpango huo ni mzuri tu, na sidhani kuna mhandisi wa kulaumiwa. Nani mwaka 1990 alifikiri kwamba kompyuta ya ofisini kama hii, ya 386, ingepewa kabati la mninga?

Na hapo ndipo penye shida. Mashine inayotumika huichaji betri yake. Mashine iliyofungiwa huiacha saa iinyonye taratibu hadi tone la mwisho. Seli tatu haziwi sawa kamwe. Ile dhaifu huisha kwanza, na zile mbili zikiendelea kusukuma zinaigeuza, chanya inakuwa hasi. Gesi inajaa, mpira wa kuzibia unachoka, na kilichomo kinatafuta njia ya kutoka. Kikishatoka hakidondoki tu kama maji. Hupanda chuma, hasa upande wa hasi, na kusafiri kwenye waya na miguu ya chipu hata kwa kupanda mlima. Nimewahi kuona bodi iliyosimamishwa wima, betri chini, na kijani kiko juu.

Kuna kejeli nyingine inayonifurahisha kwa namna mbaya. Amiga 500 ya Commodore, iliyotoka 1987, haikuwa na betri kwenye ubao wake; aliyetaka saa alinunua kipande cha nyongeza na kukichomeka tumboni mwa mashine. Mwaka 1991 ikaja Amiga 500 Plus, dada yake mdogo, bora kuliko yeye, na betri ikiwa imechomelewa ubaoni. Leo dada mkubwa ndiye unayemkuta akiwa mzima. Mdogo, usipowahi kumtoa betri, unamkuta ameliwa.

Kwetu jambo hili lina upande wake. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hayo yalipokuja kulegea, mashine zilizokuwa zikiuzwa duniani zilikuwa ni hizi hizi, 386 na kisha 486. Ofisi iliyonunua kompyuta yake ya kwanza wakati huo ilinunua kizazi kilichochomelewa kipipa kwenye kona. Ongeza hewa ya pwani. Ile kuvu nyeupe huvuta unyevu kutoka hewani na kujilowesha yenyewe, kwa hiyo Tanga, Mombasa au Unguja haikauki. Inaendelea kula, masika na kiangazi.

Sasa, neno “asidi”. Kila fundi niliyemwonyesha bodi za namna hii alisema asidi imevuja, na baba mdogo akasema vivyo hivyo, kwa sababu betri tunayoijua ni ya gari na ya gari kweli ina asidi. Hii haina. Ndani yake mna haidroksidi ya potasiamu, ambayo ni alkali, kinyume kabisa cha asidi. Ikikutana na hewa inakuwa kabonati ya potasiamu, ule unga mweupe. Bibi zetu waliijua kabonati hiyo bila kuijua kwa jina: ni ile ile iliyomo katika maji ya majivu yaliyochujwa, yanayotiwa kwenye maharage magumu yaive. Ukiigusa inateleza kama sabuni. Inateleza kwa sababu inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni, kwa hiyo usiiguse. Vaa glavu, na vaa miwani, maana tone moja la alkali jichoni ni baya kuliko la asidi nyingi.

Tofauti hii ndiyo inayoamua dawa. Aliyezoea betri ya gari atakimbilia magadi, na magadi ni alkali juu ya alkali: utakuwa umeipaka bodi uchafu wa pili. Kinachohitajika hapa ni asidi dhaifu, nayo iko jikoni. Siki nyeupe. Ukikosa siki, limau.

Nisipotaja Macintosh nitakuwa nimekudanganya kwa kunyamaza. Macintosh II ya 1987, SE/30 ya 1989 na ndugu zao hutumia betri fupi ya lithiamu, volti 3.6, isiyochajiwa, na kilichomo ndani ni kloridi ya thionili. Hicho kikikutana na unyevu hutoa asidi ya haidrokloriki. Huko kanuni inageuka: bekingi soda ndiyo dawa, siki ni adui. Betri hizo hukaa kimya miaka mingi, halafu zinapasuka, na zikipasuka zinakula hadi bati la kasha. Kwa hiyo kabla ya kushika chupa yoyote, soma betri. Ukiona pipa lenye volti 3.6 kwenye bodi ya 386 au Amiga, limechomelewa na linachajiwa, ni alkali. Ukiliona ndani ya Macintosh, usiende na siki.

Tulihamia ukumbini, penye madirisha mawili. Nilipiga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote: kila kadi, kila waya, kila rangi inaelekea wapi. Kadi zikatoka. Skrubu za bodi zikatoka. Baba mdogo alishika kisahani cha chai, na kila skrubu ililia ndani yake.

Kosa la kwanza ninaloliona kwa watu wenye hamu ni kuanza na chuma cha kulehemu. Risasi iliyoguswa na alkali haiyeyuki. Inageuka kijivu, inakuwa kama majivu magumu. Unaibana na chuma cha moto, dakika inapita, haiyeyuki, unasukuma, na kinachong'oka ni shaba ya ubao. Ndiyo maana mimi naikata betri kwanza. Koleo dogo la kukatia waya, miguu inakatwa juu kabisa, karibu na tumbo la betri, vijiti vinabaki ubaoni. Mlio mmoja, wa pili, wa tatu, na adui yuko mkononi. Hata kama siku hiyo umeme umekatika na kazi haiendelei, jambo kubwa limekwisha. Mtu asiye na chuma cha kulehemu wala ujuzi wake anaweza kuishia hapo, akaisafisha bodi na kuirudisha kabatini, na atakuwa ameiokoa.

Baba mdogo alinyoosha mkono aichukue betri. Nikamzuia. Kadimiamu ni sumu, na ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulizizuia betri ndogo nyingi za kadimiamu kwa agizo la mwaka 2006. Haichomwi moto, haitupwi shimoni, haiachwi juu ya meza ya chakula. Ninayo chupa ya kioo yenye kifuniko, imeandikwa SUMU kwa kalamu nyekundu, ina betri kumi na moja ndani yake. Ya baba mdogo ilikuwa ya kumi na mbili. Mahali pa kuipeleka chupa hiyo sijapapata katika mji ninaokaa, na kwa sasa iko juu ya rafu, nje ya mikono ya watoto.

Kisha siki. Siimwagi. Nachovya mswaki wa zamani, nagusa penye uchafu, nasubiri. Kabonati ikikutana na asidi inatoa povu, povu dogo lenye kuzizima kama la soda iliyofunguliwa jana, na povu hilo ndilo kipimo changu. Povu likiwepo, kazi ipo. Nafuta, naongeza, nafuta. Chini ya soketi za kadi huwa kumejificha uchafu ambao jicho halifiki. Hapo napeleka siki kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Povu likikoma kabisa, siki nayo lazima iondoke, na iondoke upesi. Siki ikiachwa juu ya shaba inazaa kijani chake yenyewe.

Kuosha nilitumia maji ya kuongezea betri za magari, yale ya chupa yanayouzwa vituo vya mafuta: ni maji yaliyokenekwa, hayana chumvi. Soma lebo lakini. Kwenye rafu hiyo hiyo huwa kuna chupa inayofanana nayo, na hiyo ndiyo asidi. Baada ya maji, spiriti, ambayo hufukuza maji kutoka mianyani. Baada ya spiriti, upepo. Tuliiweka bodi kivulini barazani, juu ya gazeti, tangu saa nne asubuhi hadi kesho yake. Mama mdogo alipita mara mbili kuuliza kama kitu kile kinaanikwa na kama kitaliwa.

Ilipokauka ndipo nikaiona kwa ukweli wake. Rangi ya kijani ya kiwandani ilikuwa imeinuka kama ganda la muhogo wa kuchemsha, na chini yake njia za shaba zilikuwa nyeusi. Nikazikwangua taratibu kwa wembe hadi shaba ikang'aa, nikazipaka risasi mpya ili hewa isizile tena. Vijiti vya betri nikavitoa kwa kuongeza risasi mpya juu ya ile ya zamani pamoja na fluksi. Hiyo mpya ikiyeyuka inaivuta na ya zamani. Kijiti cha chanya kilitoka mara moja. Cha hasi kilikataa. Mguu wa hasi umeunganishwa na tabaka zima la shaba lililo katikati ya ubao, na tabaka hilo linakunywa moto kama mchanga unavyokunywa maji. Hapo anayevuta kwa nguvu anatoka na bomba la shaba lililo ndani ya tundu. Niliweka ncha nene zaidi ya chuma, nikahesabu hadi ishirini, kijiti kikalegea chenyewe.

Mita ikafuata. Unaweka ncha moja huku, nyingine kule, ikilia njia ni nzima, ikinyamaza imekatika. Kutoka tundu la kibodi kwenda kwenye ile chipu ya miguu arobaini zilikuwa zimekatika mbili: ya data na ya mapigo ya saa. Nikaziunga kwa waya mwembamba wa koili uliotoka kwenye transfoma ya redio mbovu, kila mmoja kama unywele. Soketi ya chipu niliitoa na kuweka nyingine, kwa kuwa miguu yake minne ilibaki mikononi mwangu.

Kurudisha mashine kuna hatari moja tu ambayo siisemi kwa haraka. Umeme wa bodi hizi huingia kwa viunganishi viwili vinavyokaa bega kwa bega, vinafanana, na vinakubali kubadilishana nafasi. Ukivibadilisha, bodi inakufa papo hapo, na kazi yote ya siki umeifanyia maiti. Kanuni ya zamani ya mafundi ni nyeusi kwa nyeusi: waya nyeusi za viunganishi vyote viwili zikutane katikati. Nikaangalia. Nikaangalia tena. Nikamwambia na baba mdogo aangalie.

Nikawasha. Feni ikazunguka, diski ikalia kama pikipiki inayokataa asubuhi ya baridi kisha ikashika. Kioo kikabaki cheusi. Halafu spika ikapiga mlio. Baba mdogo alihesabu kwa vidole.

“Sita,” akasema. “Ni kheri au shari?”

Kwa bodi ambazo BIOS yake, programu inayoiamsha mashine, ni ya AMI, milio sita ina maana moja: lango la A20. Hapa lazima nikupeleke mwaka 1984 tena, dakika moja. Wahandisi wa IBM, walipotaka AT iweze kufika kwenye kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti moja bila kuvunja programu za zamani, walihitaji swichi ya kuufunga na kuufungua mstari mmoja wa anwani, ule wa ishirini na moja, ambao kwa kuwa wahandisi huanza kuhesabu kwa sifuri unaitwa A20. Chipu ya kibodi, Intel 8042, ilikuwa na mguu usio na kazi. Wakaupa kazi hiyo. Kwa hiyo kwa miaka mingi kumbukumbu ya kompyuta duniani kote ilifunguliwa na kufungwa na chipu iliyowekwa kusoma vidole vya karani, chipu iliyokaa kando ya tundu la kibodi, kando ya betri. Kutu ikila hapo haikunyang'anyi herufi tu. Mashine nzima haiamki.

Nikaizima, nikaitoa bodi tena, nikaigeuza kuelekea dirishani. Pale ilipokuwa imelala betri palikuwa na tundu dogo la kupitishia njia kutoka upande wa juu kwenda wa chini, dogo kuliko mbegu ya mchicha, jeusi. Kwa nje halikuwa na kasoro. Mita ikanyamaza. Nikapitisha uzi mmoja wa waya, nikalehemu juu, nikageuza, nikalehemu chini. Saa mbili za kutafuta na dakika tatu za kazi, na huo ndio uwiano wa kazi hii siku nyingi.

Safari ya pili spika ilipiga mlio mmoja mfupi. Kioo kikahesabu kumbukumbu: kilobaiti 4,096, kwa mwendo wa mtu anayehesabu magunia. Kisha ikatangaza kwamba haijui lolote kuhusu yenyewe. Baiti zake hamsini zilikuwa tupu tangu siku nyingi. Lebo ya diski ilisomeka bado, Seagate ST-251: silinda 820, vichwa 6, sekta 17, ambazo ukizizidisha, na kila sekta ikibeba baiti 512, unapata megabaiti 42 na ushei. BIOS ina orodha ya aina 46 za diski zilizopangwa, na ya 47 umeachiwa ujaze mwenyewe. Nikapekua orodha hadi nikaipata inayolingana. Jambo hili la diski wengi huligundua wakishachelewa, kwa hiyo nakuomba: kama mashine yako bado inakumbuka, nakili namba hizo kwenye karatasi kabla ya kukata betri, na karatasi uibandike ndani ya kifuniko.

Kuhusu betri mpya, sikurudisha ya aina ile ile. Kuna wanaofanya hivyo na wanajua wanachofanya. Mimi naona ni kumrudisha mwizi yule yule akiwa na nguo safi. Bodi nyingi za 386 zina pini nne pembeni za betri ya nje, na hapo nilichomeka kishikio cha betri tatu za kawaida za saa ya ukutani, nikakipitisha kwa waya mrefu na kukibandika chini, ubavuni mwa kasha. Zikivuja zitachafua bati. Anayependa kidonge cha lithiamu, ile CR2032 ya volti 3, anaweza, kwa sharti moja lisilovunjwa: njia ya kuchajia lazima izibwe kwa diodi. Kidonge hicho hakikuumbwa kuchajiwa, na kikilazimishwa kinaweza kuvimba na kupasuka. Ningeweza pia kuiacha bila betri yoyote, nikamwambia baba mdogo ajaze tarehe na diski kila anapoiwasha. Nilimtazama, nikaona hapana.

DOS ikaamka. Nikaandika DATE, ikajibu kwamba leo ni Jumanne, tarehe 1 Januari 1980.

“Siku hiyo nilikuwa Korogwe,” baba mdogo akasema, akavuta kiti.

Tarehe ya kweli aliiandika yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja. Lotus alikumbuka kuifungua bila kuniuliza, na jina la faili pia. Orodha ikajitokeza kwa herufi za kijani, majina kushoto, ahadi katikati, malipo kulia, na akaanza kushuka nayo polepole, ncha ya kidole ikiwa juu ya kioo, akinong'ona. Kila alipofika kwa mmoja wa wale wanaoapa misibani alisema “eheee,” akashuka tena.

Mstari wa thelathini na kitu akasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Lilikuwa jina la marehemu baba yangu. Ahadi, shilingi 20,000. Malipo, 12,000.

“Alikuwa akiniambia amemaliza,” akasema kwa upole.

Nikatoa noti ya elfu kumi. Akaipokea kwa mikono miwili, akairudia safu ile ya kulia, akabadilisha namba, akabonyeza kuhifadhi, na diski ikaguna. Chenji alisema hana.